Ndama wa kulungu wanazaliwa kwa kutawanyika: soma daftari la uzazi kabla ya kugusa homoni

Mfugaji wa kulungu anapolalamika kwamba majike wake "hawaendi pamoja", mara nyingi ameshachagua dawa anayotaka kununua. Mimi huomba kwanza daftari: tarehe dume alipoingia padokini (kiwanja cha malisho chenye uzio), tarehe alipotolewa, tarehe za ndama kuzaliwa, na majibu ya ultrasaundi kama ilifanyika. Chukua karatasi ya miraba, kila wiki ipe safu yake, kila ndama mpe nukta. Unaweza kupata kilima kimoja kilichochelewa, vilima viwili vyenye bonde katikati, au mkia mrefu usiokwisha. Kila umbo lina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho kilitokea wiki nyingi kabla ya siku ambayo mfugaji anadhani mambo yaliharibika.

Hesabu za kushika kichwani ni hizi. Kulungu mwekundu ana mzunguko wa joto, yaani wa kurudi kwa wakati ambao jike hukubali kupandwa, wa siku 18 hadi 21 na mimba ya siku 233 hivi. Wapiti, kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, ana mzunguko wa siku 21 hivi na mimba ya siku 247 hivi. Kulungu dama, yule mwenye pembe pana kama kiganja, huanza msimu na mzunguko wa siku 21 au 22, kisha mizunguko hurefuka kadiri msimu unavyosonga. Mimba yake ni siku 234 hivi. Kulungu mkia-mweupe hubeba kwa siku 200 hivi. Jike mwekundu aliyeshika mimba tarehe 1 Aprili katika nusu ya kusini ya dunia mtarajie kuzaa karibu na tarehe 20 Novemba. Aliyeshika tarehe 1 Oktoba katika nusu ya kaskazini atazaa karibu na tarehe 22 Mei.

Hesabu hiyo itumie kwa kundi zima, si kwa jike mmoja mmoja. Sababu nitaieleza mwishoni, kwa kuwa inawachanganya hata wenye uzoefu.

Kilima ni kimoja na kimekaa vizuri, ila chote kimechelewa wiki mbili au tatu

Hapa majike walikwenda pamoja. Kilichowakwamisha ni kuanza.

Kulungu wa nchi zenye majira manne huongozwa na urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo hutoa homoni ya melatonini kwa saa nyingi zaidi, na mwili wa jike unasoma ishara hiyo kwa wiki kadhaa kabla ovari hazijaamka. Ndiyo maana siku ndefu kuliko zote huwa Juni kule kaskazini, lakini majike wekundu hupandwa mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Kusini mambo hayo hayo hutokea miezi sita mbele, Machi mwishoni na Aprili. Mwanga unaweka dirisha. Jike atapita kwenye dirisha hilo mapema au atachelewa kutegemea hali ya mwili wake, na hapo ndipo mfugaji ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani.

Anza na kunyonyesha. Jike mwenye ndama mguuni wakati msimu wa kupandana unaanza anagawa chakula chake mara mbili, na kama malisho yamekauka mwishoni mwa kiangazi, maziwa ndiyo yanayotangulia kupata mgawo, ovari baadaye. Ukiwaachisha ndama kabla ya dume kuingia, wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi, majike hupata muda wa kurudisha mwili na kundi hupata mimba mapema zaidi. Usimwachishe ndama siku ile ile unapomwingiza dume. Majike watazunguka uzio wakiita ndama zao kwa siku kadhaa, na hakuna dume atakayetuliza kundi la namna hiyo. Acha zipite wiki mbili walau.

Kisha pima hali ya mwili kwa mkono. Macho yanadanganya, hasa manyoya ya majira ya baridi yanapoanza kuota na kuficha mifupa. Kwenye kipimo cha 1 hadi 5, ninataka jike aingie msimu akiwa na 3 au zaidi: ukimbonyeza nyonga unahisi mfupa, lakini umefunikwa. Aliye chini ya 2.5 atachelewa, na wachache hawatashika kabisa. Kosa ninaloliona sana ni mfugaji kuanza kulisha vizuri wiki ile dume anapoingia. Mwili wa kulungu haurudi kwa wiki moja. Lishe ianze tangu ndama wanapoachishwa, na kama malisho ni mabaya sana, achisha mapema uanze mapema.

Lipo pia suala la dume lenyewe. Mwaka 1987 mtafiti Karen McComb alionyesha kwamba majike wekundu waliosikia mngurumo wa madume, hata ukiwa umerekodiwa tu, waliingia joto mapema kuliko wasiousikia. Kwa hiyo dume anayeletwa siku ile unayotarajia joto la kwanza ameletwa kwa kuchelewa. Mwingize wiki mbili kabla. Azoee padoki, majike wazoee harufu na sauti yake, na ugomvi wa kuweka himaya uishe kabla ya kazi kuanza.

Ukishayafanya hayo yote na bado unahitaji ndama wa mapema, ndipo tunazungumzia melatonini. Vipandikizi huwekwa chini ya ngozi, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa kupishana mwezi mmoja, kuanzia karibu na siku ndefu kuliko zote za mwaka. Vinaudanganya mwili uamini usiku umeshakuwa mrefu, na vinaweza kuvuta msimu mbele kwa wiki kadhaa. Vikishindwa, tafuta mambo matatu. La kwanza, madume hawakupandikizwa. Majike wanakuwa tayari, dume bado ana pembe za ngozi laini na korodani zilizolala, na wiki zote ulizonunua zinapotea. Dume apate vipandikizi wakati ule ule au mapema kidogo. La pili, kipandikizi cha pili kilichelewa, na katikati mwili ukasoma mwanga halisi. La tatu ni zito kuliko yote: vipandikizi viliwekwa kwa majike ambao hawajazaa. Melatonini hushusha prolaktini, homoni inayoandaa kiwele. Jike mwenye mimba kubwa akipewa, anaweza kuzaa ndama mzima kisha akakosa maziwa ya kumnyonyesha. Usimpandikize jike yeyote mpaka ndama wake amesimama na kunyonya. Kwa kuwa siku ndefu huangukia karibu na majira ya kuzaa, sharti hili pekee huwaondoa majike wengi kwenye mpango, na ndiyo sababu njia hii inafaa zaidi kwa mitamba ambao hawajawahi kuzaa.

Vilima viwili, na bonde la siku 18 hadi 21 kati yao

Umbo hili ni zuri kwa uchunguzi. Majike walikuwa kwenye joto kwa wakati, ila joto la kwanza halikuzaa matunda. Swali linalobaki ni kama tatizo liko kwa dume au kwa jike, na jibu linapatikana kwa kutenganisha nukta za kila padoki. Kama padoki ya dume mmoja ina vilima viwili na padoki nyingine zina kimoja, mtazame dume huyo. Kama padoki zote zina umbo moja, mtazame jike, na kalenda.

Dume wa kulungu hana mbegu bora mwaka mzima. Korodani zake husinyaa majira ya kuchipua, hujaa tena kuelekea msimu wa kupandana, na zinakwenda sambamba na pembe: ngozi laini inapokauka na kuvuliwa, testosteroni, homoni ya kiume, imeshapanda. Dume anayeingia padokini akiwa bado na ngozi laini hayuko tayari, hata kama ana umbo zuri kiasi gani. Ukikata pembe wakati wa ngozi laini, ishara hiyo hutaiona. Tazama basi shingo iliyovimba, manyoya ya shingoni, tumbo lililolowa mkojo, harufu, na mngurumo. Kumbuka pia kwamba mbegu huchukua karibu miezi miwili kutengenezwa. Dume aliyeugua homa kali au kuumia mwishoni mwa kiangazi anaweza kuonekana mzima kabisa siku ya kuingia na bado akapanda bila kutia mimba kwa mzunguko mzima.

Uwingi wa majike nao una sehemu yake. Dume aliyekomaa anamudu majike 40 hadi 50 pale ambapo joto linakuja kidogo kidogo lenyewe. Dume wa miaka miwili usimpe hata nusu ya hao. Dume mchanga mwenye kundi kubwa hupanda wale wanaomjia, wengine wanapita.

Ikiwa padoki zote zina vilima viwili, huenda ulihesabu joto ambalo halikuwapo. Mwanzoni mwa msimu yai la kwanza mara nyingi hutoka kimya: ovari imefanya kazi, jike hakuonyesha dalili, na dume hakumgusa. Baada ya hapo hufuata mzunguko mfupi wa siku 8 hadi 10, kisha joto la kweli. Hakuna cha kutibu hapo. Ukiona bonde la siku 9 kwenye karatasi yako badala ya siku 18, ujue umesoma historia ya ovari zilizokuwa zinaamka.

Sababu moja zaidi ni mikono yetu wenyewe. Kubadilisha dume katikati ya kilele cha joto ili "kuwa na uhakika" huvuruga siku tatu au nne ambazo hazirudi. Dume wa akiba ni wazo zuri, mimi humweka kila mwaka, lakini aingie baada ya mizunguko miwili, na yule wa kwanza awe ameshatolewa. Madume wawili wageni kwa kila mmoja padokini, ndani ya msimu, ni mapigano, na mara nyingine ni kifo. Pembe ngumu zikatwe kabla. Dume wa msimu usimwamini mgongoni mwako, hata uliyemlea kwa chupa. Huyo wa chupa hasa, kwa sababu haogopi watu.

Kilima cha kwanza kizuri, kisha mkia mrefu wa ndama wa kuchelewa

Weka rangi tofauti kwenye nukta za mitamba. Mara nyingi mkia wote utageuka rangi hiyo.

Mtamba mwekundu hupandwa kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 16 hivi, na kinachoamua ni uzito kuliko umri. Akifikia asilimia 65 hadi 70 ya uzito wa jike mzima wa shamba hilo, ataingia joto, ingawa wiki moja au mbili nyuma ya wakubwa. Kama majike wako wazima wana kilo 110, mtamba wa chini ya kilo 72 ni wa mashaka. Ona basi jinsi tatizo linavyojirudia: ndama aliyezaliwa kwenye mkia anaachishwa mdogo, anafika msimu wake wa kwanza akiwa mwepesi, anashika mimba kwa kuchelewa, na yeye anazaa ndama wa mkia. Mkia wa mwaka huu umeshapandwa miaka miwili iliyopita.

Watenge mitamba. Katika kundi lililochanganyika, majike wakubwa huwasukuma kwenye chakula na humzunguka dume. Wape padoki yao, malisho bora, na dume mwepesi asiye mzito mno kwao. Dume wa wapiti juu ya mtamba mwekundu ni hatari: ndama mkubwa, mimba ndefu kuliko kawaida, na kuzaa kwa shida.

Mkia usiokuwa na mitamba una sababu rahisi kuliko zote. Dume aliachwa padokini. Majike ambao hawakushika huendelea kuzunguka kwa miezi kadhaa ndani ya msimu, na dume akiwapo atawapata mmoja mmoja. Mtoe baada ya mizunguko miwili au mitatu. Mwaka wa kwanza utaumia kuona majike wasio na mimba, lakini hao ndio waliokuwa wakiharibu umbo, na sasa unawajua kwa namba.

Kifaa cha projesteroni kimetumika, majike hawakuingia joto pamoja

Mpango wa kawaida wa kuwianisha joto hutumia kifaa cha ukeni chenye homoni ya projesteroni, ambacho wengi wanakijua kwa jina la CIDR, kikikaa siku 12 hadi 14. Kikiwa ndani, ubongo unaamini mzunguko bado uko katikati. Kikitolewa, projesteroni inaanguka ghafla kwa majike wote, na kulungu mwekundu wengi huingia joto karibu saa 48 baadaye. Siku ya kukitoa, kulungu mwekundu kwa kawaida hupewa pia eCG, homoni itokanayo na damu ya farasi jike mwenye mimba, kiasi cha yuniti 200 hadi 250, kusukuma ovari.

Kwanza, hesabu vifaa ulivyovitoa. Si mzaha: vilivyoanguka padokini bila kuonekana ndiyo maelezo ya majike wengi "waliokataa dawa". Jike aliyekipoteza siku ya 6 ameingia joto peke yake wiki iliyopita. Andika namba ya kila jike siku ya kuweka na siku ya kutoa, na aliyekipoteza usimhesabu kwenye uhimilishaji, yaani kutiwa mbegu bila dume.

Pili, tazama saa za kutoa. Kama kazi ilianza alfajiri na jike wa mwisho akatolewa kifaa jioni, joto la kundi lako limetawanyika saa kumi kabla hata hujaanza. Gawa majike kwenye makundi yanayoweza kumalizwa ndani ya saa moja au mbili, na kila kundi lipewe saa yake ya kuhimilisha.

Tatu, kalenda. Kifaa hiki hupanga msimu uliopo. Hakiwezi kuuleta msimu ambao haujafika. Kikitumika wiki nyingi kabla ya joto la asili, baadhi ya majike wataonyesha dalili mara moja kisha ovari zitalala tena, na wale ambao hawakushika hawatarudi baada ya siku 18. Ndipo mfugaji hudhani wote wamebeba kwa kuwa hakuona joto la pili. Ultrasaundi inakuja kumwambia vingine.

Nne, prostaglandini. Wapo wanaoacha kifaa na kuchoma sindano hii peke yake kwa sababu ni nafuu. Kazi yake ni kuyeyusha kinundu cha njano kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka. Jike asiye na kinundu hicho, ama kwa sababu msimu haujaanza, ama kwa sababu alitoa yai siku mbili tatu zilizopita na kinundu bado ni kichanga, hatapata chochote kutoka kwenye sindano hiyo. Sindano mbili zinazopishana siku 13 au 14 hupunguza tatizo la pili. La kwanza hazilitibu.

Kwa kulungu dama sheria hubadilika. Usimpe eCG kwa kunakili kipimo cha kulungu mwekundu. Kifaa peke yake hufanya kazi vizuri kwao katikati ya msimu, na joto lao huchelewa kidogo kuliko la wekundu baada ya kifaa kutolewa.

Joto limewiana, mimba ni chache

Hapa ninauliza kwanza swali moja: mlitumia dume au mbegu zilizogandishwa?

Kama ni dume, fanya hesabu ya aibu ambayo wengi huiruka. Joto la jike mwekundu kwa kawaida halifiki siku nzima. Ukiwianisha majike 40 na kumpa dume mmoja kwa kuwa "mwaka jana alimudu 45", umemtaka afanye kwa siku moja kazi aliyoifanya kwa wiki tatu. Kwa joto lililowianishwa, dume mmoja aliyekomaa asipewe zaidi ya majike 10 hivi, na kila dume awe na padoki yake. Kama huna madume wa kutosha, wianisha makundi madogo kwa kupishana siku kadhaa. Na usiwapumzishe madume baada ya wimbi la kwanza. Wasioshika watarudi pamoja pia, siku 18 hadi 21 baadaye, na wimbi hilo la pili huja likiwa limebana karibu sawa na la kwanza.

Kama ni mbegu zilizogandishwa, saa ndiyo kila kitu. Mbegu ikiyeyushwa haina maisha marefu ndani ya jike, kwa hiyo ni lazima ifike muda mfupi kabla ya yai. Kwa kulungu mwekundu, kuweka mbegu moja kwa moja ndani ya mji wa mimba kwa laparoskopu, bomba lenye kamera linaloingizwa kupitia tundu dogo tumboni, hufanywa saa 54 hadi 60 baada ya kifaa kutolewa. Kwa dama ni saa 65 hadi 70. Ukitumia saa za wekundu kwa dama, mbegu zitakufa zikisubiri. Shingo ya mji wa mimba wa kulungu mwekundu na dama ni nyembamba na yenye mikunjo, ndiyo maana laparoskopu hutumika. Kwa wapiti, ambaye ana mwili mkubwa, kupitia shingo kunawezekana kwa mkono uliofundishwa. Kazi hii ni ya daktari wa mifugo, na dawa za kuwatuliza wanyama pia ziko mikononi mwake.

Kisha yapo mazingira ya siku ile. Kulungu si ng'ombe. Akikimbizwa, akisubirishwa juani kwenye kibanio, akisikia mbwa na vyuma vinavyogongana, mwili wake unamwaga homoni za hofu, na baadhi ya homoni hizo zinaingilia ile iliyotakiwa kufyatua yai. Nimeona vipindi viwili vya uhimilishaji vyenye dawa ile ile, mbegu zile zile na fundi yule yule vikitofautiana sana, na tofauti niliyoweza kuiona kwa macho ilikuwa kelele. Banda liwe na giza hafifu, watu wachache, sauti ya chini. Wapitishe majike kwenye banda hilo mara kadhaa wiki za kabla, bila kuwafanya chochote, ili siku ya kazi isiwe ya kwanza.

Mapacha, ndama njiti, majike wanaozaa wafu baada ya kuwianishwa

Kulungu mwekundu huzaa ndama mmoja. Ukiona mapacha kadhaa mwaka uliotumia eCG, kipimo kilizidi. Pengine kilipimwa kwa makadirio, pengine kililenga kulungu mzito kikaenda kwa mwepesi. Mayai mawili au matatu yanatoka, mimba inabebwa na mwili usioumbwa kwa mapacha, na ndama huzaliwa wadogo au wafu. Punguza kipimo pamoja na daktari wako. Usikiongeze kamwe ili "kuhakikisha joto".

Ultrasaundi iliona mimba, ndama hakuonekana

Hili si tatizo la mizunguko, lakini huandikwa daftarini kama majike "hawakushika", na mwaka unaofuata homoni zinaongezwa bila sababu. Ndiyo maana napenda ultrasaundi ifanywe mapema, siku 30 hadi 50 baada ya dume kutolewa, wakati umri wa kijusi bado unaweza kupimwa vizuri. Kipimo cha projesteroni kwenye damu usikitegemee hapa: jike anayezunguka tu bila mimba anaweza kuwa nayo juu, na kulungu mwenye hofu hutoa projesteroni kutoka kwenye tezi za juu ya figo.

Kama ultrasaundi iliona mimba na kiwele kikaja kavu wakati wa kuachisha, mimba ilitupwa au ndama alikufa mapema. Kagua viwele vyote siku hiyo, jike kwa jike. Kukiwa na zaidi ya wachache, damu iende maabara: toksoplazma na leptospira ni miongoni mwa magonjwa ya kutafuta kwanza. Kama kiwele kina maziwa na ndama hayupo, tafuta kwenye nyasi ndefu, kwenye uzio, na kwenye nyayo za mbwa.

Pembe na joto haviko katika kalenda moja

Unao majike walio tayari na madume wenye ngozi laini, au madume wawili wa aina moja, mmoja ana pembe ngumu na mwingine ameangusha. Uliza wanyama wametoka wapi. Kulungu mwekundu aliyevushwa kutoka nusu moja ya dunia kwenda nyingine anahitaji muda kugeuza saa yake, na msimu wake wa kwanza usiuhukumu. Karibu na ikweta, ambako usiku haubadiliki sana, kulungu wa nchi za baridi hukosa ishara ya kushika. Richard Goss, mtafiti wa Marekani, aliwaweka kulungu wa sika kwenye saa 12 za mwanga na 12 za giza bila kubadilisha, na mzunguko wao wa pembe ukasimama. Kwa mazingira hayo rusa na chitali, kulungu wa nchi za joto za Asia, ni wanyama tofauti kabisa: madume wa chitali huwa na pembe kwa nyakati zao, kila mmoja na wake, na majike huzaa karibu mwaka mzima. Ukitaka msimu mmoja kwa chitali, mpangilie dume tarehe za kuingia na kutoka, na uhakikishe kila mara yuko mmoja mwenye pembe ngumu.

Tarehe za ultrasaundi na tarehe za kuzaa hazilingani

Ultrasaundi ilisema majike 12 walishika wiki mbili kabla ya wenzao, na unakuta wote wamezaa karibu wiki moja. Au jike uliyemhimilisha kwa saa inayojulikana amezaa siku ya 240. Wafugaji hulaumu mashine, au hushuku uzio kwamba dume wa jirani aliruka.

Mimba ya kulungu mwekundu hainyooki kama rula. Wanaoshika mapema katika msimu huwa na mimba ndefu kidogo, wanaoshika kwa kuchelewa huwa na mimba fupi, kama vile mwili unavuta kuzaa kuelekea wakati ambapo malisho yatafaa kwa ndama. Lishe ya mimba nayo inasogeza tarehe. Tofauti inaweza kuwa ya siku kadhaa, na kwa jike mmoja mmoja ikapita wiki. Kwa hiyo unapotafuta kosa kwenye kupandana, tumia umri wa kijusi kutoka ultrasaundi, na unapopanga walinzi, malisho na padoki za kuzalia, tumia tarehe za kuzaa za miaka iliyopita. Zikipishana kwa siku tano au sita, andika zote mbili daftarini na usibadilishe chochote.